Takamwili

Jumatatu na Alhamisi, Mnazi Mmoja.
Mirija miwili mkononi mwa mama: mmoja unatoa, mmoja unarudisha.
Mimi na bunda la mitihani niliyoibeba melini kutoka Wete,
swali la saba: Eleza jinsi wanyama mbalimbali wanavyotoa
takamwili zenye nitrojeni. Alama kumi.

Shumbana Faki kajibu: "Samaki hana kazi, mwalimu.
Amonia yake sumu kali, lakini bahari kubwa."
Alama mbili. Nikarudi, nikaongeza nusu
kwa ile bahari kubwa.

Sisi bahari ya kumwagia hatuna.
Ini huipoza sumu, ikawa urea,
figo zikaipepeta usiku kucha
nasi tumelala, hatujui hata zina rangi gani.

Dirishani kunguru kainua mkia:
tone jeupe, zito kama chokaa, juu ya gari la wagonjwa.
Hana kibofu. Arukaye habebi mtungi.
Ndivyo na mjusi wa ukumbini kwetu,
punje nyeusi, kikofia cheupe cha asidi ya yuriki,
mama akiifagia kila asubuhi na kumtukana:
"Bahili wewe! Hata mkojo unaukausha!"

Mbarouk wa dawati la nyuma hakutaja kemikali hata moja.
"Popo wa Kidike akibanwa hujigeuza, kichwa juu,
akaning'inia kwa gumba za mbawa. Akimaliza hurudi.
Nimemwona."
Nikamsomea mama. Akacheka hadi mashine ikalia,
nesi akaja mbio.
"Hata popo ana adabu zake," akasema. Kisha, taratibu:
"Mie tangu Mfunguo Tano sijakojoa. Nimesahau mlio wake."

Jana Darajani papa mkavu alinifika puani kabla ya machoni.
Papa urea haitupi. Huiweka damuni makusudi
bahari isimnyonye maji;
akifa ndipo inapochacha, ndiyo ile harufu.
Papa huishi kwa kile kinachomuua mama.
Biubwa akanikanya: kakatazwa, daktari kasema.
Mama akasema, "Niletee kipande. Sitakula. Nitanusa."

Akanusa, macho kafumba.
"Pumzi yangu hii," akasema,
"ya asubuhi, kabla ya mashine."
Akakikunja tena gazetini, akanirudishia.

Saa nne na nusu nikaenda chooni, mwisho wa korido.
Nikasikiliza.
Mlio mdogo tu, kama mvua ya kwanza kwenye jani la mgomba.
Nikatoka kwa mguu wa kulia, na dua ya kutokea
aliyonifunza nina miaka minne,
niliyoisema miaka thelathini nikiwaza mengine,
nikaisema neno neno.

Kisha nikaketi, nikampa Mbarouk alama sita.