Mavi ya Kale

Mama hupiga simu saa nne asubuhi, kutoka Maskati,
wakati sinia zangu ziko tanurini.
"Leo unafanya nini?"
Nakausha mavi, mama.
Kimya. Kijiko kinagonga kikombe.
"Miaka sita ya chuo kikuu," anasema,
si kwangu, kwa kile kijiko.

Nafanya kazi Salala, chumba kisicho na dirisha;
dirisha lingeleta ukungu wa kharifu
na ukungu huozesha ushahidi.
Naosha kwa chujio, kama mtu anayechuja tui,
mpaka maji yatoke safi
na kubaki kile tumbo la chui lilichoshindwa:
manyoya ya pimbi,
ncha ya mwiba wa nungunungu,
jino, kucha, mchanga wa Jabali Samhani.
Unywele mmoja chini ya hadubini
una magamba, kama paa la makuti;
kila mnyama na ezeko lake.
Nayajua mapaa haya kuliko mitaa ya mji ninaoishi.

Chui mwenyewe sijamwona.
Kamera kumi na mbili tumezifunga kwenye mawe
na miezi minane zimetuletea
mbuzi, ngamia, mbuzi, ukungu,
matako ya Mahadi akibadilisha betri,
ukungu, ngamia aliyelamba kioo,
na usiku mmoja, saa tisa kasoro, mkia.
Mkia tu.
Tuliuchapa, tukaubandika ukutani
kama picha ya bi harusi asiyetaka kufunuliwa.

Mahadi wa Tawi Atir ndiye huniletea.
Hupanda na fimbo na mifuko ya karatasi
(ya plastiki hutoa jasho, nilimwambia mara moja tu),
huandika tarehe kwa mwandiko wa mtoto
na jina la bonde kwa lugha ya milimani,
herufi za Kiarabu zikiteseka, hazitoshi.
Ana mbuzi arubaini na wawili.
Alikuwa nao arubaini na watatu. Hili sikulijua.

Jumanne, mfuko namba mia na kumi na saba.
Nikachuja. Nywele nyeusi, laini,
paa la mbuzi wa kufugwa. Kawaida.
Halafu uzi.
Sufu nyekundu, imesokotwa mara tatu,
na fundo lile analolifunga binti yake, Tuful,
shingoni mwa kila mtoto wa mbuzi anayemlea kwa chupa.
Mimi pia alinifunga mkononi, akicheka. Ninao bado.
Nikalaza mkono kando ya sinia.
Fundo kwa fundo.

Kwa hiyo alijua.
Aliuona uzi ukichungulia, palepale juu ya jiwe.
Wapo majirani wenye unga mweupe wa kuulia fisi:
kijiko kimoja ndani ya mzoga
na asubuhi hakuna tena wa kuhesabu.
Yeye aliinama. Akaokota mavi ya mwizi wake
kwa vijiti viwili, kama anayetia kaa kwenye chetezo,
akaandika tarehe,
akashuka kilomita tisa.

Nilimpigia. Mfuko wa mia na kumi na saba, nikasema.
"Umekauka vizuri?"
Umekauka.
"Ni jike?"
Bado. Vinasaba vitasema.
"Tuful anauliza kama ana watoto."
Kisha akakata, au mlima ulikata.

Fomu ina nafasi ya mawindo: mbuzi wa kufugwa, mmoja.
Ina nafasi ya maelezo, mstari mfupi kama kidole.
Haina nafasi ya uzi.

Usiku nikampigia mama, nikamwuliza tena
habari za nyumba ya Ng'ambo,
na kwa nini walitoka na sanduku moja.
Akanijibu kama siku zote:
"Mwanangu, mavi ya kale hayanuki."
Hayanuki, mama, nikasema. Nayashika kila siku.
Lakini leo nimeyaosha, yalikuwa na uzi ndani.
Kijiko hakikugonga.
Nikasikia feni ya sebuleni kwake, na gari likipita.
"Wa rangi gani?" akauliza.