Nguzo B-7

Mchana Lemuel Gaddis huchora nguzo.
Futi ishirini na nane, nguzo; futi ishirini na nane, nguzo,
karatasi nzima, Chikago nzima,
penseli ngumu, mikono ya shati imekunjwa hadi kiwikoni.
Mkubwa wa ofisi hupita nyuma yake, tumbaku mdomoni:
"Ukuta haubebi kitu siku hizi, Gaddis. Ukuta ni pazia.
Mzigo wote uko mifupani."
Lemuel huitika bila kugeuka.
Chini ya meza mguu wake wa kulia
unajibu kivyake: moja, mbili, tatu, nne.

Usiku hubeba besi iliyomzidi kimo
akapanda nayo ngazi za treni ya juu, kondakta amenuna,
hadi kwa Bi Ernestine, mtaa wa Arobaini na Tatu:
chumba chembamba, dari la bati lenye maua ya kugongwa,
samaki wa kukaanga, nywele zilizopitiwa chanuo la moto.
Hapo yeye ndiye chuma.
Du, du, du, du,
hana la kusema zaidi,
ili Verdell na saksafoni yake
asihitaji ukuta.

Na Verdell, akishajua amebebwa,
hupuliza noti tatu, ya nne akaimeza.
"Umesahau moja," mlevi alimpigia kelele.
"Sikuisahau. Hapo nimeweka dirisha."

(Sisi wa vina na mizani tusijifanye wageni.
Ubeti, huko neno lilikotoka, ni nyumba.
Nane hapa, nane pale, kina kikaze kona,
na aliyewahi kuhesabu silabi kwa vidole gizani
anajua uhuru unavyouma
ukikosa mahali pa kugonga kichwa.)

Kazimierz, mfunga riveti, alikuja kila Ijumaa
na vumbi la kutu kwenye nyusi.
"Jengo lisiloyumba," alisema, "linasubiri kuvunjika.
Upepo wa ziwa ukija, ghorofa ya thelathini na nane
inakwenda inchi nne, inarudi.
Kahawa inacheza kikombeni. Wake za matajiri wanatapika."
Akamwonyesha kidole mpiga ngoma, kijana Ozro,
aliyekuwa akiichelewesha fimbo unywele mmoja, kila pigo,
na chumba kizima kikiegemea upande huo huo kumsubiri.
"Basi. Ndiyo hiyo. Inchi nne."

Machi, karatasi mpya mezani.
Juu yake wameandika KIWANJA KITUPU.
Lemuel akatazama mipaka ya kitupu hicho:
mstari mrefu, kisha kijipinda kidogo upande wa kaskazini
kama herufi iliyokatwa mguu.
Jiko la Bi Ernestine.
Akapima. Futi ishirini na nane, nguzo.
B-5 mlangoni. B-6 kwenye meza ya Kazimierz.
B-7 ilitua alipozoea kusimama yeye.

Alichora.
Ana watoto watatu, na kodi ya nyumba. Alichora
kwa mkono uliotulia, na hilo ndilo
hakumsimulia mtu kwa miaka kumi na moja.

Kisha Jumanne moja, mvua, akaingia humo.
Vioo kutoka sakafuni hadi juu. Taa nyingi, watu wachache.
Akahesabu kutoka mlangoni, akaikuta,
akaweka kiganja kwenye jiwe baridi lililovishwa chuma.
"Unamtafuta nani?" akauliza msichana wa mapokezi.
"Jiko."
"Lifti ziko kushoto, bwana."

Akapiga kofi moja.
Sauti ikaenda hadi kwenye kioo cha mwisho,
ikazunguka nguzo zake zote,
ikarudi
imechelewa kidogo,
unywele mmoja,
na mguu wa kulia, ambao haujawahi kumwomba ruhusa,
ukaipokea.