Abiria wa Dirishani

Alipanda saa moja asubuhi, kituo cha hospitali,
siku ambayo Łódź iliamka imezama magotini kwa theluji.
Nilimwona kwenye kioo changu cha dereva:
koti la kahawia, kofia ya kufunika masikio,
mfuko wa nailoni na ndani yake chupa ya asali.
Akaketi dirishani, mstari wa nne, upande wa kulia.
Kushuka sikumwona.
Lakini dereva wa tramu hahesabu wanaoshuka.
Reli imeshaamua niende wapi,
kwangu zimebaki kengele na breki.

Mzunguko wa kwanza aliketi naye mama wa kabichi.
"Sogea kidogo, bwana."
Asiposogea, mama akaguna,
akazipakata kabichi mbili, moja juu ya paja lake,
moja juu ya paja lililokuwa likipoa.

Mzunguko wa pili, wanafunzi.
Walicheka kinywa chake kilivyoachama.
Mmoja akapiga picha.

Wa tatu akapanda Gracjan, mkaguzi wa tiketi,
kijana wa watu, mke wake ana mimba ya miezi saba.
Akaomba tiketi. Akaomba tena.
Akaandika faini kwa mwandiko wake mzuri,
akaikunja mara mbili, akaichomeka
kwenye mfuko wa kifuani, polepole,
asije akamwamsha.

Husemwa kifo cha wengi harusi.
Cha mmoja, ndani ya tramu yenye joto,
ni kiti pungufu saa za msongamano.

Sitaki mniambie watu wale ni wabaya.
Mama wa kabichi namjua, Jumapili huwasha mshumaa
kwa ajili ya wafu wasio na ndugu.
Na wanafunzi walewale walisimama, wote watatu,
kumpisha mwanamke mwenye magongo.
Ila kila mtu alikuwa na pa kufika,
na njia ya kufika ni nyembamba,
haina nafasi ya shingo kugeuka.

Wa tano, mtoto wa kike, kofia nyekundu, kamasi:
"Mama, mbona yule babu hapepesi macho?"
"Usikodolee watu, Kalina. Si adabu."
Kalina akashika adabu.
Akatazama viatu vyake mpaka mwisho wa safari.

Mizunguko saba.
Gerejini usiku, Bogumiła wa usafi
alimgusa bega kwa mpini wa ufagio,
kisha akaweka ufagio chini na kuvua glavu.
Yeye peke yake alivua kitu.
Mimi nilisimama mlangoni, na neno langu la kwanza,
Mungu ananisikia, lilikuwa:
"Sasa nitafika nyumbani saa ngapi?"

Polisi waliitoa faini, wakakuta nyuma yake
karatasi ya daktari: Ireneusz Kłos, miaka sabini na mmoja,
moyo. Na chini, kwa wino wa bluu,
Asisafiri peke yake.

Mashine ya tiketi ikatoa hesabu ya siku:
abiria mia sita na kumi na wawili.

Niliulizwa kama niliona lolote lisilo la kawaida.
Nikasema hapana, nikatia sahihi.

La kioo sikulisema.
Kwamba tangu asubuhi pumzi za watu
ziliyapaka madirisha ukungu mzito, meupe kama maziwa,
yote, kushoto na kulia,
isipokuwa moja, mstari wa nne.
Nililiona. Nililifurahia, hata.
Kila kwenye njia panda niligeuza shingo,
nikachungulia nje kupitia hapo, kando ya shavu lake,
kuhakikisha hakuna gari linalokuja,
nisije nikamgonga mtu.