Nne na Tisa

Pakiti ya kwanza aliniuzia Gathogo, mwenyewe anayo pacha yake.
Nzito kama tofali. Ubavuni imeandikwa elfu tano, kwa dhahabu.
Mimi nimetengeneza simu Bondeni miaka tisa,
sijaona maandishi ya dhahabu yakiwasha balbu.
Nikaipima: elfu tatu na mia mbili,
tena kwa kusukumwa.

Ya pili ni ya Nasambu, ganda la buluu, nyepesi.
Ukiibonyeza, inakurudishia kidole.
"Imevimba kidogo tu, Jebiwott. Bado ina nguvu."
Jino bovu nalo hutafuna, nikamwambia,
nikaifukia kwenye ndoo ya mchanga nje ya mlango,
mbali na mafuta ya taa,
mbali na paka.

Ya tatu haina jina.
Nimeiunda kwa seli za kompyuta mpakato
zilizotupwa na ofisi moja ya maji.
Kumi na nne nilizozing'oa. Nikazipa namba,
nikazijaza, nikazilaza wiki nzima juu ya kabati,
kisha nikazipima tena nijue nani kavuja gizani.
Saba alikuwa amekata roho.
Kumi na Mbili alipata joto kabla hajapewa kazi,
namfahamu kibarua wa aina hiyo.
Mbili alikuwa fahali, lakini hakuwa na mwenzake,
na seli zikifungwa mkia kwa kichwa
ile dhaifu huishiwa kwanza,
na yenye nguvu huendelea kuikanyaga.
Nimeliona hilo kwenye betri,
na kwenye chama chetu cha akina mama.

Nne na Tisa, hao
walishuka pamoja, volti kwa volti,
kama ndugu wawili wanaoteremsha kabati ngazini.
Nikawaunganisha kwa utepe wa nikeli,
nikawavika mpira mwekundu.
Gramu tisini na nane, pamoja na waya.

Jumamosi, uwanja wa saruji nyuma ya ghala la pareto.
Ghala lilifungwa zamani, ila vumbi lake bado linaua sisimizi.
Baridi ilikuwa imeshuka toka Menengai,
na betri ikishikwa na baridi
hutoa umeme kwa mkono wa birika.
Kwa hiyo nilitembea toka Bondeni nayo kwapani, ndani ya sweta,
kama ninayeatamia yai.
Bawabu akauliza nimeficha nini.
Dawa, nikasema.

Magari sita, dakika tano.
Tofali la Gathogo lilitutoka kwenye mstari,
likapanuka kila kona, likagonga matairi, likarudi.
Mimi nilikuwa wa pili. Sikubana, sikulegeza.
Dakika ya tatu nilimwona nyuma yake, karibu kabisa,
ndipo pua yangu ikasikia
harufu tamu, ya rangi ya kucha.

Nikajua bila kugeuka.
Alikuwa ameifukua ile ya buluu.

Nilitupa rimoti. Gari langu likaenda lilikotaka.
Nilivua sweta, nikaokota chake katikati ya uwanja,
kinafuka, kinalia kama birika,
nikakimbia nacho hadi kwenye lundo la mchanga wa wajenzi.
Moto ulitoka mchangani mara mbili, mweupe, mfupi.
Watoto wakashangilia. Nasambu hakusema kitu.
Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili,
bado anageuza usukani.

Gathogo alishinda. Zawadi ilikuwa chupa ya chai.

Usiku Nasambu alikuja na sweta jipya la mtumba,
kubwa mno kwangu, la kijani.
Hakuomba radhi. Alishika tochi
nami nikagusisha ncha za mita.
Nne: tatu nukta saba moja.
Tisa: tatu nukta saba moja.
"Pima tena," akasema.
Nikapima tena.