Haina Kitu

Nilisema maneno mawili tu.
Haina kitu.
Nilikuwa na miaka kumi na sita
na masharubu ya kuhesabika kiooni,
saba kushoto, tisa kulia,
na hapakuwa na nisichokijua.

Ilikuwa Oktoba, msimu wa hirvi,
mnyama wa misitu yetu ya Kainuu,
mrefu kuliko farasi, pembe pana kama makasia.
Wakubwa walikuwa bandani wakimchuna mmoja.
Mimi na Oskari tuliachiwa kibanda,
jiko la kuni, sufuria ya viazi,
na amri moja: visiungue.

Kabati la bunduki lilifungwa. Sheria inataka hivyo.
Ufunguo mjomba Tarmo aliuweka kwenye kopo la kahawa,
siri kubwa
aliyoijua hadi mbwa.

Niliishika kama nilivyowaona wakiishika,
kiwiko nje, shavu kwenye mti wake wenye baridi.
Nikachomoa magazini, nikaitikisa mbele ya Oskari:
unaona?
Akasema, Acha mambo yako, Tuure, koroga jiko.
Nami nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mpumbavu:
nne zimetoka, basi zimekwisha.
Ile ya tano sikuihesabu,
iliyokwishaingia chemba tangu asubuhi
na kulala humo gizani, imenyooka,
ikingoja kidole cha mtu yeyote.

Haina kitu.

Watu huniuliza kuhusu mlio.
Mlio siukumbuki.
Nakumbuka kifuniko cha sufuria kikizunguka sakafuni,
kikizunguka, kikizunguka,
kisha kikalala.
Nakumbuka Oskari akikaa chini polepole kama bibi kizee,
akilitazama goti lake
kama mtu aliyemwagikiwa chai.

Wasemao majuto ni mjukuu hawakuwapo pale.
Yangu hayakungoja ukoo.
Yalizaliwa sekunde ileile,
kabla mwangwi haujarudi kutoka ng'ambo ya ziwa.

Tarmo aliingia na mikono myekundu hadi viwikoni,
damu ya hirvi, akalibana goti kwa mikono hiyohiyo,
na tangu hapo hakuna aliyejua
ipi ya mnyama, ipi ya mtoto.
Kilomita mia na ishirini hadi hospitali.
Njia nzima kitambaa kilikuwa kinalowa
na hakuna aliyenigombeza.
Laiti wangenigombeza.

Siku ya tatu nikaruhusiwa kumwona.
Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyaandika kiganjani.
Akafumbua macho, akauliza:
Viazi je?
Nikalia mpaka muuguzi akanitoa.

Mguu ulipona, kwa namna yake. Haukunji.
Leo ana miaka arobaini na moja, anasambaza barua,
na kila asubuhi ya baridi hupita uani kwangu.
Nilifundishwa kusoma nyayo kwenye theluji:
huyu ni sungura, huyu mbweha, huyu jike mwenye ndama.
Zake nazisoma bila kutaka:
unyayo mmoja mzima,
mmoja mfereji wa kuburuta,
mzima, mfereji,
mpaka kwenye sanduku langu la barua
na kurudi.

Sasa binti yangu Ailakki ana miaka kumi na minne.
Anataka kwenda msituni na wakubwa.
Jana usiku niliweka bunduki mezani, nikamuuliza ina nini.
Akaitoa magazini, haraka, kwa ufundi,
akaiweka pembeni, akanitazama.
Haina kitu, baba.

Mgongo wangu ukaingia barafu.
Nikasema, Angalia tena.
Akavuta komeo, akachungulia chemba. Haina.
Angalia tena.
Akaingiza kidole kidogo ndani, akakitoa kimepakaa mafuta,
akaniinulia usoni, amekasirika,
na hasira yake ilikuwa na umri wangu wa siku ile.
Mara ngapi, baba?

Sikumjibu.
Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka,
na theluji barabarani ilikuwa inalia
kwa mguu mmoja.