Bunduki ya Kona

Koplo Draku alikuja Katwe usiku,
bunduki kaifunga kwenye gunia la mkaa.
"Pinda mtutu," akasema. "Kidogo tu, kama kiwiko.
Nataka kupiga kona bila kutoa kichwa."

Baba alizoea kupinda usukani wa baiskeli,
miguu ya vitanda vya hospitali.
Akaujaza mtutu mchanga usibonyee,
akaulaza mwekundu kwenye pembe ya fuawe.
Mimi nilivuta mivukuto, kimya.
Kioo kilikuwa cha mama, cha kupakia wanja;
kikafungwa kwa waya, kitazame ng'ambo.

Nyuma ya ukuta wa Kalibbala wakajaribu.
Risasi ya kwanza ilitoka vipandevipande,
kama mbegu za papai zilizotemwa na mtoto.
Ya pili haikutoka.

Koplo akachungulia. Kioo kilikuwa kimegeuka:
badala ya adui, jicho lake mwenyewe,
halijalala tangu Lukaya.

Aliondoka kwa miguu, mikono mitupu.

Baba aliisukuma risasi nje kwa spoki,
mtutu akaufunga mdomoni mwa mivukuto.
Mpaka leo pumzi hupita ile kona
na mkaa hushika.