Askari wa Chubwi

Meza ni mlango wa stoo, umelazwa juu ya madebe.
Vilima ni maganda ya redio ambazo wenyewe hawakuzirudia.
Msitu ni makonyo ya karafuu.
Mto ni utepe wa kaseti; taarabu gani, sikumbuki,
imo humo bado, inapita kimya chini ya daraja la njiti za kiberiti.

Hapa Jadida, Wete, duka likishafungwa,
mimi na Hemedi hupigana.

Jeshi langu nimelimimina kwa mkono:
chubwi za jarife lililooza,
mabaki ya risasi ya kulehemia,
na kijiko cha bati kilichoyeyuka
kabla Mwanakombo hajakiulizia.
(Rangi yake ya kucha ndiyo makoti yao mekundu.
Hilo nalo hajaliulizia.)
Kalibu aliichonga marehemu kaka yangu, Shaame.
Udongo haujakauka, akaugusa.
Basi kila askari huzaliwa
na mistari ya dole gumba lake chini ya unyayo.

Jeshi la Hemedi limetoka Maskati ndani ya boksi,
watu wazima wakining'inia kwenye vikonyo kama maembe mabichi.
Unawakata kwa wembe, mkono huku, kichwa kule,
unawaunga kwa gundi inayolewesha.
Bandarini aliulizwa: Mifuko ya plastiki hiyo?
Si mifuko. Ni nini basi? Ni jeshi.
Afande akacheka, akalipitisha jeshi la kigeni
lisilo na risasi hata moja.

Nitasema kweli: wazuri.
Kila mmoja ana kope, ana vifungo, ana hasira yake.
Wangu wana nyuso za watu walioamshwa usiku.

Lakini kweli haizuii maneno. Hemedi huanza:

*Wako mzito wa mwili, ukimtupa azama,*
*Wangu huenda kwa mbali, hachoki wala kuhema.*

Nami simwachii:

*Wako karatasi kweli, chafya inamsukuma,*
*Wangu haombi kibali, nikimweka husimama.*

Ijumaa ile umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri.
Tulipigana kwa kandili.
Wake walikwishavuka utepe, sitini na wanne,
inchi sita, inchi sita, mpaka pembezoni mwa makonyo,
na dadu zilikuwa zao.
Mara umeme ukarudi
na pangaboi, ambalo hakuna aliyekumbuka kulizima,
likaamka.

Sijapata kuona kushindwa kwa namna ile.
Walipaa. Mmoja tulimkuta asubuhi ndani ya spika.
Wangu kumi na wanane wamesimama,
wanatazama mbele kama hawakusikia kitu,
na mimi nacheka, nainuka kushangilia,
goti langu linagonga mlango.

Kapteni akaanguka sakafuni.
Alikatika kwenye kifundo cha mguu, kata moja, safi.
Kando yake askari mmoja wa plastiki
alidunda mara mbili, akalala chali, mzima wa afya.

Hemedi hakucheka.
Aliuokota ule unyayo uliobaki peke yake,
akaugeuza chini ya taa,
akaweka dole gumba lake juu ya mistari.
Alikuwa na miaka mitatu tulipomzika baba yake.
"Langu limeshalipita," akasema,
kisha akauliza pasi ya kulehemu iko wapi.

Alilehemu vibaya. Kapteni sasa anachechemea,
nami nimekataa asirekebishwe.

Jana kaja na mfuko wa sarafu za hamsini,
sitini na nne, kazihesabu kwa fundi baiskeli.
Anazigandisha chini ya miguu ya watu wake, mmoja mmoja,
ulimi nje, kama baba yake alivyokuwa akichonga.
Nikamwambia: "Sarafu ni chuma, bwana. Umesilimu."
Akasema: "Na gundi je? Zima pangaboi.
Tupa dadu."